MALEZI YA WATOTO: Mtoto wa Mkimbizi Anahitaji Mtu wa Kumjibu

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya uji wa mtoto anayeanza kula. Mwezi huu tutazungumza juu ya chakula cha aina nyingine. Chakula hiki hakipikwi jikoni wala hakinunuliwi dukani. Ni maneno, michezo na upendo. Kila mtoto anakihitaji. Lakini yuko mtoto mmoja ambaye mara nyingi anakikosa. Huyo ni mtoto mdogo wa mkimbizi.

Tunaposema mtoto mdogo, tuna maana ya mtoto ambaye bado hajaanza darasa la kwanza. Watu wengi hudhani mtoto huyo haelewi kitu. Husema, "Huyu bado mdogo, atasahau." Je, ni kweli? Hapana. Tutaona kwa nini.

WAKIMBIZI NI MAJIRANI ZETU

Wananchi wa mkoa wa Kigoma na wa wilaya ya Ngara wanawajua wakimbizi vizuri. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji nchini Burundi wakaja kwetu. Walikuja tena mwaka 1993. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari kuanza Rwanda, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara. Mwaka 1996 walikuja watu wa Kongo, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati ule. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo kwa ajili yao.

Mwaka 2015 Warundi walikuja tena. Makumi ya maelfu yao walikwama katika kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika. Kijiji hicho kina milima upande mmoja na maji upande mwingine. Kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba ikawa inawabeba watu kuwapeleka Kigoma mjini, na kutoka hapo walipelekwa Nyarugusu kwa mabasi.

Fikiri juu ya mtoto wa miaka mitatu katika safari ile. Ameamshwa usiku. Amebebwa mgongoni porini. Ameona watu wazima wakilia. Amelala ufukweni juu ya mchanga, katika kundi la watu asiowajua. Kisha amepandishwa melini. Mtoto huyo hawezi kusema, "Nimeona mambo mabaya." Lakini ameyaona, na mwili wake unayakumbuka.

"WANGOJE WARUDI KWAO KWANZA"

Wapo wanaosema, "Hawa ni wapita njia. Wakirudi kwao watasoma huko huko." Maneno haya yanaonekana kuwa na maana. Lakini tufanye hesabu ndogo. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka kambi ilipofunguliwa, yaani 1996, alitimiza miaka 18 mwaka 2014. Alikuwa mtu mzima, na kambi bado ilikuwapo. Utoto wake wote ulipita. Haukungoja vita viishe.

Wale waliokuja mwaka 1972 nao walikaa. Walipewa mapori ya kufyeka na kulima huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliokuja wakiwa wachanga mgongoni mwa mama zao sasa ni watu wa miaka 50 na zaidi. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 katika jamii hiyo walipata uraia wa Tanzania. Kwa hiyo mtoto tunayemwona leo ni mgeni anaweza kuwa jirani yetu maisha yote. Na hata akirudi kwao kesho, atarudi na kichwa chake na moyo wake. Ni bora arudi navyo vikiwa vizima.

UBONGO WA MTOTO HAUNGOJI

Mkulima anajua jambo hili. Mahindi hupaliliwa yakiwa machanga. Ukingoja yabebe ndipo upalilie, umechelewa. Ubongo wa mtoto nao ni hivyo. Afikapo umri wa miaka mitano, ubongo wake umefikia kiasi cha sehemu tisa katika kumi za ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Mwili bado ni mdogo, lakini kazi kubwa ya ubongo inafanyika wakati huo. Wazee wetu walisema: udongo uwahi ungali maji.

Ubongo huo hukuaje? Chakula ni lazima. Afya ni lazima. Lakini mtoto anahitaji pia mtu wa kumjibu. Tuchukue mfano. Mtoto anaona kunguru juu ya bati. Ananyosha kidole na kusema, "Ee!" Bibi yake anageuka, anamtazama na kusema, "Ndiyo, ni kunguru. Ameruka! Amekwenda wapi?" Mtoto anacheka na kuonyesha juu. Yamekwisha. Imechukua muda wa kumenya kiazi kimoja tu. Lakini mtoto amejifunza neno. Amejifunza kuuliza. Tena amejua kwamba sauti yake ina maana, na kwamba yuko mtu anayemsikia.

Sasa mwangalie mtoto mwingine. Naye anaona kunguru na kunyosha kidole. Hakuna anayegeuka. Mama yupo, lakini mawazo yake yako mbali. Anafikiria mume aliyebaki nyuma, na chakula kitakachoisha kabla ya siku ya mgao. Mtoto anajaribu mara ya pili, na ya tatu. Mwishowe anaacha. Mtoto anayeacha kunyosha kidole ameacha kujifunza. Hii ndiyo hasara kubwa ya ukimbizi kwa mtoto mdogo. Haionekani kama kidonda, ndiyo sababu tunaipita tu.

Mama huyo si mvivu wala si mbaya. Amechoka na ameumia. Anahitaji kusaidiwa, wala hahitaji kulaumiwa.

DALILI ZA MTOTO ALIYEUMIA MOYO

Utamtambuaje mtoto huyo? Zifuatazo ni baadhi ya dalili.

- Anashtuka sana akisikia mlango ukigongwa au sauti kubwa.
- Anang'ang'ania nguo ya mama yake wala hakubali kuachwa hata kidogo.
- Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena.
- Alikuwa akisema, sasa amenyamaza.
- Halali vizuri. Huamka usiku akilia.
- Anapiga wenzake bila sababu, au anakaa peke yake na hachezi.
- Kila siku anacheza mchezo ule ule wa kukimbia na kujificha.

Dalili hizi si uchawi, wala si utundu. Ni namna ya mtoto ya kusema kwamba bado anaogopa. Wengi wao hupata nafuu wakiwa mahali pa amani na mtu wanayemwamini. Lakini mtoto akikataa kula, akinyamaza kwa wiki nyingi, au akiwa hageuki ukimwita, apelekwe kituo cha afya. Huenda masikio yanamsumbua. Mpime pia na lishe yake. Utepe wa kupimia mkono ukionyesha rangi nyekundu, au miguu ikivimba, usingoje hata siku moja.

MAMBO SABA YA KUFANYA

Wewe unaweza kuwa mama mkimbizi unayesoma gazeti hili. Unaweza kuwa mwalimu, mhudumu wa afya, mlezi katika kituo cha watoto, au mwanakijiji wa kawaida. Mambo haya unayaweza.

1. Mtoto awe na mtu wake. Kila siku mtoto awe na mtu mzima mmoja yule yule anayemjua. Huyo anaweza kuwa mama, shangazi, bibi au mlezi wa kituo. Walezi wakibadilishwa kila wiki, mtoto hatamwamini hata mmoja.

2. Siku iwe na utaratibu. Kunawa, kula, kucheza, kusikiliza hadithi na kulala viwe na saa zake. Mtoto aliyekimbia hajui kesho kutatokea nini. Akijua kwamba baada ya uji ni mchezo, na baada ya mchezo ni usingizi, moyo wake unatulia.

3. Sema naye kwa lugha ya mama yake. Hapa wananchi wa Kasulu, Kibondo na Kakonko wana bahati kubwa. Kiha na Kirundi vinakaribiana sana, na watu wake husikilizana. Mtoto ni "umwana" kwa Kirundi na kwa Kiha pia. Mha anaweza kumtuliza mtoto wa Kirundi kuliko mtaalamu aliyetoka mbali. Vivyo hivyo, watoto wengi wa Kongo wanatoka Kivu ya Kusini, ambako Kiswahili kinasemwa. Usimcheke mtoto kwa matamshi yake. Na usiogope kwamba lugha ya nyumbani itamzuia kujua Kiswahili. Mtoto anayeweza kuhesabu kokoto "rimwe, kabiri, gatatu" amekwisha kujua hesabu. Kusema "moja, mbili, tatu" ni kubadilisha majina tu.

4. Mwache acheze. Mchezo ni kazi ya mtoto, na ni dawa yake pia. Vifaa havihitaji fedha. Tengeneza mpira wa matambara. Shona mdoli wa vitenge vilivyochakaa. Kusanya vizibo vya soda vya kupanga na kuhesabu, viwe safi na visiwe na makali. Magunzi yatakuwa ng'ombe, na kopo litakuwa ngoma. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe vitu vidogo, maana atavitia mdomoni na kukabwa.

5. Msimulie na kumwimbia. Hadithi za sungura na fisi zinajulikana Burundi, Kongo na kwetu. Simulia, kisha uliza: "Sungura alifanya nini? Wewe ungefanya nini?" Nyimbo za kubembeleza ambazo mama alizijua kwao zisiachwe njiani. Mtoto amepoteza nyumba. Asipoteze na nyimbo.

6. Usimlazimishe kusimulia mabaya. Akitaka kusema, msikilize. Akichora nyumba inayoungua, usimkemee. Mwambie, "Naona ulikuwa na hofu. Sasa uko nami." Akiuliza baba yuko wapi, mwambie ukweli kwa maneno machache. Usiseme "atakuja kesho" kama hujui. Kesho haiishi, na mtoto atajifunza kwamba maneno ya wakubwa ni ya uongo.

7. Usimpige wala kumwaibisha. Mtoto anayekojoa kitandani hakukusudia. Badilisha nguo, mfute, mlaze. Na tuache kumwambia mtoto wa kiume, "Nyamaza, wewe ni mwanamume." Mwanamume wa miaka minne bado ni mtoto.

MLEZI NAYE ATUNZWE

Maji hayatoki katika mtungi mtupu. Mama aliyelemewa na huzuni hawezi kumjibu mtoto siku nzima. Kwa hiyo kumsaidia mtoto ni pamoja na kumsaidia mama.

Jambo hili limepimwa. Kaskazini mwa Uganda, wakati watu walipokuwa wamehamishwa makwao na vita vya waasi, watoto wenye utapiamlo walipewa chakula cha dharura. Baadhi ya akina mama walikutanishwa pia katika vikundi. Walizungumza juu ya shida zao, na walijifunza kucheza na watoto wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Akina mama wa vikundi hivyo walikuwa na huzuni na wasiwasi kidogo kuliko wengine, na waliwashughulikia watoto wao zaidi. Watoto wao walikuwa na vitu vingi zaidi vya kuchezea.

Tazama pia nchi ya mbali, Bosnia, huko Ulaya, ambako kulikuwa na vita kuanzia mwaka 1992 hadi 1995. Mama zao waliokimbia walitibiwa bure pamoja na watoto wao. Lakini baadhi yao walikutana kila wiki kwa miezi mitano, wakizungumza juu ya malezi na juu ya yaliyowapata. Ilionekana nini? Akina mama hao walipata nafuu moyoni. Na watoto wao waliongezeka uzito kuliko watoto wa wale waliopata matibabu tu. Yaani mama alipotulia, mtoto alinenepa! Hapa tunaona kwamba chakula cha moyo na chakula cha tumbo havitengani.

Kikundi cha namna hii hakihitaji jengo. Kinahitaji kivuli cha mwembe, mkeka, akina mama kumi, na siku moja katika wiki. Akina baba nao waje. Mtoto anayebebwa na baba yake na kuongeleshwa naye hufaidika vile vile.

MTOTO ALIYEPOTEZANA NA WAZAZI

Katika kukimbia, wako watoto wanaopotezana na wazazi wao. Ukimpata mtoto wa namna hii, nia yako njema peke yake haitoshi. Fanya hivi.

Kwanza, mwarifu mwenyekiti wa kijiji au mtendaji mara moja, ili afisa ustawi wa jamii na maofisa wa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi wapate habari. Usimfiche mtoto nyumbani kwako, hata kama unampenda.

Pili, usibadilishe jina lake. Andika jina analolitaja, jina la mama yake, la kijiji chao, hata jina la mbwa wao. Weka nguo alizokuja nazo. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyomrudisha mtoto kwa wazazi wake. Baada ya mwaka 1994, watoto wengi wa Rwanda walikuwa wadogo mno hata hawakujua majina yao. Picha zao zilipigwa na kubandikwa mahali pa wazi, ili ndugu wapite na kuwatafuta. Chama cha Msalaba Mwekundu hufanya kazi ya kuwatafuta ndugu waliopotezana.

Tatu, ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe. Kaka wa miaka saba huenda ndiye mtu pekee anayejua wimbo aliokuwa akiimbiwa mdogo wake. Kumtenga naye ni kumkimbiza mtoto mara ya pili.

"NA WATOTO WETU JE?"

Ndugu msomaji, huenda unasema moyoni: "Maneno haya ni mazuri. Lakini wakimbizi wamemaliza kuni zetu. Kisima kina foleni. Watoto wetu wenyewe hawana kituo cha kuchezea."

Malalamiko hayo si ya uongo. Kuni, maji na mashamba ni mambo ya kweli. Yapelekwe katika mkutano wa kijiji na kwa viongozi, yazungumzwe wazi na yapatiwe dawa. Lakini tusimtoze deni asiyekopa. Mtoto wa miaka minne hakukata mti hata mmoja.

Tena angalia yale mambo saba tuliyoyataja. Je, lipo hata moja ambalo mtoto wako halihitaji? Mpira wa matambara ni ule ule. Hadithi ni ile ile. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walieleza mambo matano anayohitaji kila mtoto mdogo: afya njema, lishe bora, usalama, mtu wa kumwitikia, na nafasi ya kujifunza mapema. Mwaka 2021 Serikali yetu ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, nayo inafuata mambo hayo hayo matano. Kijiji kinachojifunza kumlea mtoto wa mgeni kimejifunza kumlea na wa kwake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sheria nayo iko upande wa mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema mtoto mkimbizi ana haki ya kulindwa, na kila mtoto ana haki ya kucheza. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unataka mkimbizi apate elimu ya msingi sawa na mwenyeji. Na nchi yetu ina sifa ya kale katika jambo hili. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, ambayo hutolewa kwa waliowasaidia wakimbizi. Sifa ile ilijengwa na wanavijiji waliogawana mihogo yao na wageni. Leo tunaombwa kugawana kitu chepesi kuliko mihogo, yaani jibu kwa mtoto anayenyosha kidole.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Mtoto mdogo anaelewa na anaumia, hata kama hawezi kusema.
- Miaka ya mwanzo haingoji mtoto arudi kwao.
- Mtoto akikuita, geuka. Akionyesha kitu, kitaje. Akiuliza, jibu.
- Lugha ya mama ni mlango. Usiufunge.
- Msaidie mama, na umemsaidia mtoto.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kitongoji chenu wako watoto gani waliohama makwao, kwa vita, mafuriko au kufiwa? Nani huongea nao kila siku?
2. Je, mtoto anayekojoa kitandani afanyiwe nini? Kwa nini?
3. Tajeni vitu vitano vya kuchezea vinavyoweza kutengenezwa kijijini bila fedha. Kila mmoja atengeneze kimoja na kukileta darasani.
4. Akina mama wanaweza kukutana wapi na siku gani? Akina baba watasaidia nini siku hiyo?
5. Ukimpata mtoto aliyepotea, utamwarifu nani kwanza?

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma, msomee na jirani asiyejua kusoma. Kisha mtafute mtoto mmoja leo, umsikilize na umjibu. Mwezi ujao tutazungumza juu ya chanjo za watoto.